Magoti ya Wazee Wetu: Kiti cha Sala ni Rukhsa, si Hukumu



Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zetu wasomaji, leo katika ukurasa wetu wa familia tunazungumzia jambo lililo karibu na kila nyumba yenye mzee, nalo ni maumivu ya magoti. Tutalitazama kwa njia ya historia. Ushauri mwingi tunaowapa wazee wetu majumbani una asili yake, na tukiijua asili hiyo tutaona upi wa kuubakisha na upi wa kuuacha.

Mteremko wa Mutanga Sud

Anayeijua Mutanga Sud hapa Bujumbura anajua kwamba mtaa huu umekaa kwenye miinuko. Ukitoka nyumbani kwenda mjini unateremka, na ukirudi unapanda. Kijana haoni kitu. Lakini mama yangu mzazi, ambaye kwa miaka mingi alishuka njia hiyo kwenda darsa za akina mama na sala ya tarawehe, alianza kushika kuta. Kwanza alisema ni baridi tu. Kisha akaacha darsa. Ramadhani iliyofuata hakwenda tarawehe hata usiku mmoja, na sala zote akawa anazisali juu ya kiti.

Sisi watoto wake, kwa mapenzi, tukamzuia kufanya kazi yoyote. "Mama kaa, tutakuletea." Maji tulimletea, chakula tulimletea, hata kutoka uani hatukumwachia. Baada ya miezi kadhaa, mama aliyekuwa anaumwa goti moja akawa hawezi kuinuka kwenye kiti mpaka avutwe mikono yote miwili. Ndugu zangu, sisi tulidhani tunamhudumia, kumbe tulikuwa tunamdhoofisha. Hiyo ndiyo sababu ya makala haya.

Ni ugonjwa gani huu?

Wengi wetu huita maumivu yote ya viungo "baridi yabisi". Lakini ugonjwa unaowapata wazee wengi kwenye goti madaktari wetu, kwa Kifaransa chao, huuita atrozi. Ncha za mifupa inayokutana gotini zimefunikwa na gegedu, kitu kigumu lakini kinachoteleza, kinachozuia mfupa kusuguana na mfupa. Katika ugonjwa huu gegedu huchakaa na kupungua, pembeni mwa mfupa huota vinundu, na goti huuma, hukakamaa asubuhi na pengine huvimba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu kama milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na goti ndicho kiungo kilichoongoza, watu milioni 365. Wagonjwa wengi zaidi ni wanawake. Kwa hiyo mama yako hayuko peke yake.

Na mteremko nao una habari yake. Mwaka 2010 watafiti wa Berlin walitoa vipimo walivyovipata kutoka kwa wagonjwa waliowekewa magoti ya bandia yenye vifaa vya kupimia ndani yake. Mtu akitembea mahali tambarare, goti lilibeba mzigo wa takriban mara mbili na nusu ya uzito wa mwili wake. Akipanda ngazi ni zaidi ya mara tatu, na akishuka ni karibu mara tatu na nusu. Basi mzee wa Mutanga Sud akikuambia kwamba kushuka kunamuuma kuliko kupanda, usimbishie.

"Hilo ni la uzee tu"

Neno hili tunalisikia sana, na lina mizizi katika dini yetu, ingawa watu hulitumia mahali pasipo pake. Imepokewa kutoka kwa Usama bin Sharik (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha watu watafute dawa, kwa sababu kila ugonjwa Allah ameuwekea dawa, isipokuwa mmoja tu, nao ni uzee. Hadithi hii imo katika Abu Dawud na Tirmidhi. Baadhi yetu tumeshika kipande cha mwisho tu. Mzee akisema goti linamuuma, tunamjibu kuwa ni uzee na uzee hauna dawa.

Lakini tutafakari. Uzee ni miaka kupita, na hiyo kweli hairudi. Nabii Zakariya (A.S.) mwenyewe alimwelezea Mola wake kwamba mifupa yake imedhoofika. Goti linalouma ni jambo jingine. Wako wazee wa miaka 80 wasioumwa goti, na wako watu wa miaka 50 wanaoumwa. Ugonjwa huja zaidi pamoja na uzee, lakini si uzee wenyewe. Kwa hiyo amri ya kutafuta dawa inawahusu wazee wetu kama inavyotuhusu sisi.

Matabibu wetu wa zamani

Waislamu wa kale hawakuwaacha wazee wao wakae tu. Abu Ali Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 na kufariki mwaka 1037, aliandika kitabu chake mashuhuri cha utabibu, Al-Qanun fi al-Tibb. Katika sehemu ya kwanza aliweka milango ya mazoezi ya mwili na kukanda, na akawatengea wazee maelezo yao peke yao. Msimamo wake ulikuwa kwamba mzee naye anahitaji mazoezi na kukandwa, lakini kwa kiasi kinacholingana na hali ya mwili wake na viungo vyake vilivyo dhaifu. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12 na kikasomeshwa Ulaya kwa mamia ya miaka.

Tusimzidishie Ibn Sina. Hakuijua gegedu kama tunavyoijua leo, na maumivu ya viungo aliyaeleza kwa nadharia ya michanganyiko minne ya mwili, nadharia ambayo sayansi imeiacha. Lakini kanuni yake ya mazoezi yanayopimwa kwa hali ya mgonjwa imesimama mpaka leo.

Kwetu pia kulikuwa na wakandaji. Pwani walikanda kwa mafuta ya nazi, na huku kwetu ukingoni mwa Tanganyika kwa mafuta ya mawese. Wako waliopiga chuku. Kukanda kunapunguza maumivu kwa muda na kunamfariji mzee, wala hatukukatazi. Ila kukanda hakuongezi nguvu ya msuli, na tutaona kwamba msuli ndio penye siri.

Mapumziko yalitoka wapi?

Kama wazee wa zamani walihimizwa kujinyosha, nani alitufundisha kumkalisha mgonjwa? Sehemu ya jibu iko Uingereza katika karne ya 19. Hugh Owen Thomas, tabibu wa mifupa wa Liverpool aliyefariki mwaka 1891, alifundisha kwamba kiungo kilicho na ugonjwa lazima kipumzishwe kabisa, bila kukatiza na kwa muda mrefu. Alibuni banzi la chuma la kushikilia goti lisitikisike, na banzi hilo bado lina jina lake mahospitalini.

Tumfanyie insafu. Wakati ule kifua kikuu cha mifupa kilikuwa kinaharibu magoti ya watu wengi, hasa watoto, na dawa ya kukitibu haikuwapo. Kupumzisha goti la namna hiyo kulikuwa na maana. Tatizo ni pale ushauri wa ugonjwa mmoja unapohamia kwenye ugonjwa mwingine. Goti la bibi aliyechakaa gegedu si goti la mtoto mwenye kifua kikuu.

Wakati huohuo walikuwapo waliosema kinyume. Huko Stockholm, Per Henrik Ling alikuwa amefungua chuo cha mazoezi ya mwili mwaka 1813, na mazoezi ya tiba yakasambaa Ulaya kutoka hapo. Paris, Just Lucas-Championnière aliwashangaza madaktari wenzake kwa kukanda na kutikisisha viungo vya watu waliovunjika, badala ya kuvifunga tu. Mwaka 1894 wauguzi wanne wa Uingereza waliunda chama cha wakandaji waliosomea kazi hiyo, na chama hicho ndicho mzazi wa chama cha wataalamu wa tiba ya viungo nchini humo leo. Mwaka uliofuata Wilhelm Röntgen akagundua eksirei, na kwa mara ya kwanza ikawezekana kuona mifupa ya goti la mtu aliye hai.

Daktari aliyeambiwa alale

Kisa cha Thomas DeLorme ndicho kilichonigusa zaidi. Alipokuwa kijana Marekani aliugua homa ya baridi yabisi inayoshambulia moyo, akalazwa kitandani miezi mingi na kutakiwa asijichoshe. Alipoinuka alianza kunyanyua vyuma, akapata nguvu, kisha akasomea udaktari.

Vita Vikuu vya Pili vilipokuwa vinamalizika alikuwa daktari wa jeshi katika hospitali moja ya Chicago iliyojaa askari walioumia magoti. Desturi ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi sana ya kurudiarudia, nao wakichelewa kupona. DeLorme aliwafunga vyuma miguuni, wakawa wananyosha goti kwa uzito mkubwa mara chache, na kila walipopata nguvu uzito uliongezwa kidogo. Msuli wa mbele wa paja, ule unaonyosha goti, ulirudi. Mwaka 1945 alichapisha matokeo yake. Tangu hapo kanuni ya kuongeza mzigo hatua kwa hatua imekuwa msingi wa kazi ya wataalamu wa viungo duniani.

Kwa nini paja, wakati kinachouma ni goti? Kwa sababu msuli wa paja ndio unaolishikilia goti na kupunguza kishindo cha kila hatua. Mzee akiumwa hujizuia kutembea. Asipotembea, msuli hupungua. Msuli ukipungua, goti halina wa kulisaidia, na maumivu huzidi, naye akazidi kukaa. Huo ndio mzunguko aliozama mama yangu, na sisi ndio tuliokuwa tunamsukuma.

Tiba hii ilipofika kwetu

Katika sehemu zetu tiba ya viungo haikuja kwa ajili ya wazee. Ilikuja kwa watoto waliopooza kwa polio na kwa watu waliokatika viungo. Nchini Rwanda padri Joseph Fraipont Ndagijimana alianzisha kituo cha Gatagara mwaka 1960 kwa ajili ya watoto wenye ulemavu. Tanzania, hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971, na miaka kumi baadaye, 1981, kikaanzishwa huko chuo cha TATCOT cha mafundi wa viungo bandia. Hapa Burundi, kule Gitega kuna kituo cha taifa cha viungo bandia na mazoezi ya viungo. Kisha vita vya miaka ya 1990 vikaongeza majeruhi.

Ndiyo maana mpaka leo watu wengi wakisikia neno "kine" wanafikiria ajali au mtoto aliyepooza. Mzee anayeumwa goti anapelekwa duka la dawa, hapelekwi kwa mtaalamu wa viungo. Hata sisi hatukuwaza, mpaka muuguzi mmoja, jirani yetu, alipotuuliza: "Mmeshampeleka kwa kine?"

Utafiti umesema nini?

Mwaka 1997 huko Marekani yalitangazwa matokeo ya utafiti wa watu 439 wenye miaka 60 na zaidi, wote wakiwa na ugonjwa huu wa goti. Kundi moja lilitembea, la pili lilifanya mazoezi ya kunyanyua uzito, la tatu lilipewa mafunzo ya afya tu. Baada ya miezi 18, makundi mawili ya mazoezi yalikuwa na maumivu machache na uwezo zaidi wa kufanya shughuli kuliko lile la mafunzo. Haikuwa tofauti kubwa ya kushangaza, lakini ilikuwapo, na mazoezi hayakuwadhuru magoti.

Mwaka 2002 madaktari wa Houston walitoa habari iliyowashtua wapasuaji wengi. Wagonjwa 180 waligawanywa. Baadhi walifanyiwa upasuaji wa kusafisha ndani ya goti kwa kamera, na wengine walichanjwa ngozi tu bila kufanyiwa kitu ndani, nao hawakujua wako kundi gani. Katika miaka miwili waliyofuatiliwa, waliosafishwa goti hawakuwa na nafuu kuwashinda wenzao.

Mwaka 2020 tiba ya viungo ililinganishwa na sindano ya goti katika hospitali za jeshi la Marekani, kwa wagonjwa 156. Baada ya mwaka mmoja, waliofanya mazoezi chini ya mtaalamu walikuwa na maumivu machache na uwezo zaidi kuliko waliochomwa sindano.

Tuseme ukweli wote. Mwaka 2024 watafiti waliokusanya majaribio mengi kwa pamoja walionya kwamba faida ya mazoezi kwa wastani ni ndogo. Mazoezi hayarudishi gegedu iliyokwisha. Lakini hakuna kidonge kinachoirudisha pia, na vidonge vya maumivu vinavyonunuliwa kiholela vinaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha presha. Ndiyo maana miongozo ya madaktari ya Marekani ya mwaka 2019 na ya Uingereza ya mwaka 2022 yote inayaweka mazoezi na kupunguza uzito mbele. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2005, kila kilo moja iliyopungua mwilini ilipunguza kama kilo nne za mzigo gotini kwa kila hatua.

Na sala je?

Hapa ndipo wazee wetu wanapoumia moyo zaidi ya goti. Rakaa 17 za faradhi kwa siku zina sijda 34. Mzee aliyesujudu tangu utotoni, siku anapokalia kiti hujiona amepungukiwa.

Tumkumbushe kwamba sahaba Imran bin Husayn (R.A.) alikuwa na maradhi, akamuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu sala, na Mtume akamwelekeza asali wima, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Imo katika Bukhari. Na Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kwamba Mtume mwenyewe alipokuwa mtu mzima sana alikuwa akisali sala za sunna za usiku huku ameketi. Basi nani atamwona mzee wetu ana upungufu?

Lakini rukhsa si hukumu ya kukaa milele. Ni kwa kiasi cha haja. Anayeweza kusimama lakini hawezi kusujudu, maulamaa wengi wanasema asimame pale pa kusimama, na akae pale anaposhindwa. Anayesali kwenye kiti huinama kwa rukuu, na kwa sijda huinama zaidi. Kila familia imuulize imamu wake juu ya hali ya mzee wake. Ninachosisitiza ni kwamba kiti tulichopewa kwa ajili ya sala tusikifanye cha mchana kutwa.

Mambo ya kufanya nyumbani

Mpeleke mzee kwanza kwa daktari au mtaalamu wa viungo ampime. Kisha, kwa idhini yao, haya ndiyo wanayofundisha mara nyingi:

1. Akae kwenye kiti imara, anyoshe goti moja mpaka mguu ulale sawa, ahesabu hadi tano, ashushe taratibu. Mara kumi kila mguu.

2. Alale chali, aweke taulo iliyokunjwa chini ya goti, alikandamize kwa kukaza paja, ahesabu hadi tano, aachie.

3. Ainuke kwenye kiti na kukaa tena taratibu, kwanza kwa kusaidiwa na mikono, baadaye bila mikono akiweza. Kiti kiegemee ukuta kisiteleze.

4. Atembee kila siku mahali tambarare, kidogo kidogo, na kuongeza. Sisi wa mlimani tutafute kipande cha njia kisicho na mteremko, au atembee uani.

5. Fimbo aishike mkono ulio upande wa pili wa goti linalouma. Asione haya. Nabii Musa (A.S.) naye alikuwa na fimbo aliyoiegemea.

6. Mwezi wa Ramadhani mazoezi yafanywe baada ya futari.

Maumivu kidogo wakati wa mazoezi si hatari yakitulia kufikia kesho yake. Yakizidi, apunguze, asiache.

Na si kila goti linalouma ni atrozi. Homa ya chikungunya, ambayo jina lake limetoka kwa Wamakonde wa kusini mwa Tanzania ilipogunduliwa mwaka 1952, nayo hukunja viungo. Goti likivimba ghafla, likiwa jekundu na la moto, au mzee akiwa na homa, au akianguka na kushindwa kukanyaga, asifanye mazoezi. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mwisho

Mama yangu hajapona kabisa. Goti lake bado linauma siku za mvua, na sijda bado anaifanyia kwenye kiti. Lakini anainuka mwenyewe, anachota maji yake ya udhu mwenyewe, na Ramadhani iliyopita tulimshusha kwa teksi, akasali tarawehe baadhi ya usiku pamoja na wenzake. Siku ya kwanza aliporudi alikuwa analia kwa furaha.

Basi ndugu zangu, leo mzee akiomba maji, usikimbie kumletea. Mpe mkono, mwende pamoja mkayachukue. Na huo pia ni wema kwa wazazi.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape afya wazazi wetu walio hai, awarehemu waliotangulia, na atujaalie sisi tuwe ni wenye kuwatazama kwa mapenzi na kwa elimu. Aamin.

Wabillaahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.